Sumaku na Umeme Ndani ya Fuwele Moja: Jinsi ya Kujionea Mwenyewe Ukiwa Tunduma

Kwenye meza ya fundi redio yeyote wa Tunduma kuna boksi la vitu vilivyokufa, na humo ndani kuna viwili ninavyotaka ukaviombe. Cha kwanza ni sumaku ya spika. Cha pili ni kisahani chembamba cha rangi ya dhahabu, upana wake kama sarafu, chenye duara jeupe la kauri katikati na nyaya mbili. Ndicho kinachotoa mlio kwenye saa za kengele, midoli ya watoto na mashine ndogondogo zinazopiga kelele. Mafundi wengi hukiita baza. Omba baza zaidi ya mbili, maana ya kwanza utaivunja.

Kwa vitu hivyo viwili utaweza kugusa kwa mkono jambo linalowashughulisha wataalamu wa maabara kubwa duniani: dutu ambazo ndani yake usumaku na umeme vimefungwa pamoja, hivyo ukikivuta kimoja, kingine nacho kinafuata. Huitwa maltiferoiki, jina lililotolewa na Hans Schmid mwaka 1994. Mwongozo huu ninauandika kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa mwalimu wake wa fizikia, na kwa fundi ambaye hakupata nafasi ya kukaa darasani muda mrefu lakini mikono yake inajua zaidi ya anavyodhani. Utahitaji pia maltimita ya dijitali, gundi ya supagluu, chupa tupu ya maji, kitana cha plastiki, msumari, na simu yenye dira.

Anza kwa kutenganisha usumaku na umeme, kwa sababu watu wengi hudhani sumaku na umeme uliotulia ni kitu kimoja. Chukua kitana, kisugue kwenye sweta la sufu (na Tunduma sweta halikosi), kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Fanya hivyo wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, hewa ikiwa kavu. Msimu wa mvua unyevu huiba chaji kabla hujaona chochote. Karatasi haina chaji ya ziada, lakini inarukia kitana. Kilichotokea ni kwamba chaji chanya na chaji hasi zilizomo ndani ya karatasi zimesogea kidogo, za aina moja upande huu na za aina nyingine upande ule. Huo ndio mtengano wa chaji. Vitabuni utaukuta kwa jina la polaraizesheni. Ondoa kitana, na chaji zinarudi mahali pake.

Sasa chukua msumari. Ukiugusisha kwenye sumaku ya spika unavuta pini. Ukiutenga na sumaku, karibu nguvu yote inapotea, ilhali sumaku ya spika yenyewe hubaki na nguvu zake miaka na miaka. Upande wa umeme nako kuna tofauti ya namna hiyohiyo. Karatasi haitunzi mtengano wake, lakini zipo fuwele zinazoutunza hata baada ya volti kuondolewa, na ukiweka volti kinyume, mtengano nao unageuka. Joseph Valasek aliigundua tabia hiyo kwenye chumvi ya Rochelle mwaka 1920. Dutu za aina hiyo huitwa feroelektriki. Sehemu ya kwanza ya jina inatokana na chuma, ingawa nyingi hazina chuma hata chembe. Zilipewa jina hilo kwa kuwa zinavyofanya kwenye umeme ndivyo chuma kinavyofanya kwenye usumaku.

Duara jeupe la baza yako ni mojawapo ya dutu hizo. Kwa kawaida ni kauri ya risasi, zirkoni na titani, kwa hiyo usiikwangue wala kuisaga, na ikivunjika ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji na unawe mikono. Unganisha nyaya zake kwenye maltimita, weka kipimo cha volti za DC kisichozidi volti 2, kisha ibonyeze kwa kidole polepole, halafu kwa haraka. Ukibonyeza haraka namba inaruka, tuseme upande wa chanya. Ukiachia haraka inaruka upande wa hasi. Ukibonyeza na kushikilia, inarudi sifuri. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani baza imekufa, kumbe chaji inavuja kupitia mita yenyewe. Baza ya milimita 27 ina uwezo wa kutunza chaji wa nanofaradi 20 hivi. Mita nzuri ina ukinzani wa ohmu milioni 10. Zidisha hizo mbili, unapata sekunde 0.2. Huo ndio muda ulio nao kabla chaji haijatoroka. Na mita nyingi husoma mara mbili au tatu tu kwa sekunde, kwa hiyo rudia mara nyingi na usiamini usomaji mmoja.

Umeshaona kwamba kauri ikikunjwa, chaji zake husogea. Kiwashio cha jiko la gesi kinachobofywa kinatumia jambo hilohilo: nyundo ndogo hupiga kauri, volti maelfu hutokea kwa kufumba na kufumbua, na cheche inaruka. Sasa tuilete sumaku.

Toa sumaku ndogo ndani ya spika za masikioni zilizoharibika, ukiifunika kiganja isije ikarukia chuma na kupasuka. Usimwachie mtoto mdogo. Sumaku mbili zikimezwa hushikana tumboni na huweza kutoboa utumbo. Ibandike kwa gundi katikati ya baza, upande wa shaba. Baza yenyewe ibandike pembezoni juu ya mdomo wa chupa tupu ya maji, ili katikati ibaki huru kukunjika kama ngozi ya ngoma. Zisokote nyaya mbili zinazokwenda kwenye mita. Subiri gundi ikauke vizuri. Nusu saa si nyingi. Kisha chukua sumaku ya spika, ishike sentimita kumi juu ya baza, uishushe haraka hadi sentimita tatu hivi, uirudishe juu. Usiiruhusu igusane na sumaku ndogo, maana itaing'oa pamoja na kauri.

Mita itaruka. Hukuigusa baza, ila sumaku imesogea hewani na chaji ndani ya kauri zimetengana. Geuza sumaku ya spika uso wa pili, na alama ya kuruka inabadilika, kwa sababu sasa sumaku mbili zinasukumana pale zilipokuwa zinavutana.

Usishangilie bado. Mtu makini atakuuliza: utajuaje kwamba si nyaya zako zilizozalisha umeme? Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na koili, umeme hutokea bila kauri yoyote. Kwa hiyo fanya jaribio la pili la kupinga la kwanza. Tengua nyaya kwenye baza, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, kisha pitisha sumaku vilevile. Ukiwa umezisokota vizuri, mita haitaonyesha chochote cha maana. Halafu chukua baza ya pili, ibandike kipande cha shaba chenye uzito sawa na ile sumaku, na upitishe tena sumaku ya spika. Mita ikitulia, sasa una haki ya kusema kauri imepokea habari za sumaku kupitia mkunjo. Mwalimu, ukiwa na kipindi kimoja tu cha dakika 40, haya majaribio mawili ya kupinga ndiyo ya kutumia kipindi hicho. Mwanafunzi akijifunza kujitilia shaka mapema, mengine atayapata mwenyewe.

Ulichotengeneza kinafanana na maltiferoiki ya mchanganyiko, lakini si yenyewe kamili. Kwako, sumaku mbili zimevutana na kukunja sahani. Katika mchanganyiko wa kweli hakuna sumaku ya kubandika: tabaka la chuma maalumu limeshikamana na tabaka la kauri, na chuma chenyewe hurefuka au kufupika kikiwekwa kwenye uga wa sumaku. James Joule alilipima jambo hilo mwaka 1842. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Nikeli hufupika kama sehemu 30 hivi kati ya milioni. Hata hivyo wewe umeshalisikia. Simama karibu na transfoma ya mtaani usiku pikipiki zikiwa zimepungua. Mvumo ule, kwa sehemu kubwa, ni chuma cha ndani kikirefuka na kujirudi mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu hugeuka huku na huku mara 50 na kila upande hukisukuma mara moja. Bandika kauri kwenye chuma cha namna hiyo, na kila chuma kinaponyooka kauri inanyooka nacho, na chaji zinatengana. Watafiti wa kampuni ya Philips walitengeneza mchanganyiko wa aina hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kauri peke yake haiisikii sumaku, na chuma peke yake hakitunzi mtengano wa chaji, lakini vikiunganishwa linazaliwa jambo ambalo hakuna kati ya hivyo viwili kilichokuwa nalo.

Hiyo ndiyo njia rahisi, na mpaka leo ndiyo yenye nguvu. Njia ngumu, ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote, ni pale fuwele moja inapokuwa na vyote viwili bila kubandikwa kitu. Ili kuelewa ugumu wake chukua kalamu na simu.

Fikiria waya uliokunjwa duara, mkondo wa umeme unazunguka ndani yake. Hiyo ni sumaku ndogo, kama Ørsted alivyofungua njia ya kulijua mwaka 1820. Chukulia umeurekodi mkondo huo kwa simu, kisha unaicheza video kinyumenyume. Mkondo sasa unazunguka upande wa pili, na ncha za sumaku zimebadilishana. Rekodi sasa chaji chanya iliyokaa juu na chaji hasi iliyokaa chini, zimetulia. Icheze kinyumenyume: hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kuurudisha muda nyuma kunaigeuza sumaku, lakini hakuugusi mtengano wa chaji.

Sasa chora duara lenye mishale ya kuzunguka, uweke nukta katikati. Kila kilicho upande mmoja wa nukta kipeleke upande wa pili, umbali uleule, na mshale wake uugeuze. Fanya kwa mshale mmoja mmoja, usiruke. Utaona duara linazunguka vilevile kama mwanzo. Lakini chaji mbili zikipelekwa hivyo, chanya imekuja chini na hasi imekwenda juu, mtengano umegeuka. Hivyo kila kimoja kina kioo chake kinachokigeuza, na kioo cha huyu hakimgusi yule. Ili viunganike, fuwele lazima iwe na muundo unaovunja ulinganifu wa aina zote mbili kwa pamoja. Pierre Curie alidokeza mwaka 1894 kwamba muungano wa namna hii unaweza kuwapo. Igor Dzyaloshinskii alitabiri mwaka 1959 kwamba utaonekana kwenye oksidi ya kromi, na mwaka uliofuata D. N. Astrov akauona maabara: aliweka volti, fuwele ikatoa usumaku.

Oksidi ya kromi ni ile poda ya kijani inayotiwa kwenye rangi za kupaka. Muungano wake huvunjika joto likifika nyuzi 34 hivi za Selsiasi. Ina maana kwenye nyanda zetu za juu, Tunduma au Vwawa, ingefanya kazi karibu mwaka mzima, wakati Dar es Salaam mchana wa Januari, ndani ya chumba cha bati, ingeshindwa. Ila haiitwi maltiferoiki, kwa sababu haina mtengano wa chaji wa kwake wenyewe. Inaupata tu ikiwekwa kwenye uga wa sumaku.

Kwa nini zenye vyote viwili ni adimu? Mwaka 2000 Nicola Hill, ambaye sasa anafahamika kama Nicola Spaldin, aliliuliza swali hilo kwenye makala yake na kulijibu kwa kuangalia elektroni. Katika feroelektriki za kawaida, kama ile ya bariamu na titani, atomi ya titani imetoa elektroni zake zote za nje, na utupu huo ndio unaoiruhusu isogee kutoka katikati na kushikana na oksijeni ya upande mmoja. Usumaku, kinyume chake, unataka atomi kama ya chuma iliyobaki na elektroni katika tabaka hilohilo. Nafasi ileile haiwezi kuwa tupu na kuwa na watu.

Fuwele zimepata njia mbili za kulizunguka hilo, na hapa mpaka wetu na Zambia unasaidia kueleza. Tangu Oktoba 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani: maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Kukaa pamoja ni jambo moja, na karatasi ya huyu kuamua kazi ya yule ni jambo lingine. Oksidi ya bismathi na chuma iko kama maofisa wawili chini ya paa moja. Mtengano wa chaji unaletwa na bismathi, yenye jozi ya elektroni inayoisukuma pembeni. Usumaku unaletwa na chuma. Vyote vinastahimili joto la kutisha, umeme hadi nyuzi 830 hivi na usumaku hadi 370 hivi, na mtengano wake ni mkubwa sana. Lakini kwa kuwa kila kimoja kina chanzo chake, hawasikilizani kwa ukaribu. Isitoshe, sumaku ndogondogo za chuma ndani yake zinapingana jirani kwa jirani, hivyo kwa ujumla zinafutana na huwezi kuvuta nayo hata pini.

Oksidi ya terbiamu na manganizi, ambayo Kimura na wenzake waliitangaza mwaka 2003, inakwenda njia ya pili. Humo sumaku ndogo za atomi zinajipanga kwa kuzunguka hatua kwa hatua, kama ngazi ya mduara, na mpangilio huo wenyewe ndio unaosukuma chaji zitengane. Hapa karatasi ya mmoja ndiyo kazi ya mwingine: uga wa sumaku wenye nguvu ukiwekwa, mwelekeo wa mtengano unageuka kwa nyuzi 90. Bei yake ni kubwa. Mtengano ni mdogo kama mara elfu moja kuliko ule wa bismathi na chuma, na unaonekana tu kwenye baridi ya chini ya nyuzi 245 hasi. Hakuna aliyepata fuwele moja yenye ukubwa wa ile ya kwanza na utii wa hii ya pili, na hilo ndilo linalotafutwa.

Linatafutwa kwa sababu kuandika kumbukumbu kwa sumaku leo hutumia mkondo wa umeme, na mkondo huleta joto. Kama volti pekee ingetosha kugeuza sumaku, vifaa vingekula umeme kidogo zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waliweza, kwa joto la kawaida la chumba, kugeuza tabaka la sumaku lililolazwa juu ya oksidi ya bismathi na chuma kwa kutumia volti tu.

Neno kuhusu utapeli, kwani nimeona mitambo ya uongo ikitangazwa. Mtu akikuuzia mashine ya sumaku inayojiendesha na kuwasha nyumba bila mafuta wala jua, akakutajia maneno kama haya niliyoyaandika, usimpe hata shilingi. Katika jaribio lako nguvu zote zilizoingia kwenye mita zilitoka kwenye mkono wako ulioishusha na kuipandisha sumaku. Maltiferoiki hubadilisha umbo la nishati, hazizai nishati.

Ukimaliza mezani, nenda Ndolezi, wilayani Mbozi, nje kidogo ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma. Pale kuna Kimondo, bonge la tani 16 kwa makadirio yanayotumika sasa, urefu wake kama mita 3, ambalo wenyeji walilijua muda mrefu kabla mpima ardhi W. H. Nott hajaliandika mwaka 1930. Asilimia 90 hivi ni chuma, na karibu 9 ni nikeli. Simama karibu nacho, fungua programu ya simu inayosoma uga wa sumaku, na andika namba kila hatua moja unapokizunguka. Mbali nacho utasoma mikrotesla 30 hivi, za dunia yenyewe. Karibu nacho namba zitabadilika na sindano ya dira itayumba. Huo ni usumaku mtupu. Mtengano wa chaji hutaupata humo kamwe, kwa kuwa ni metali: elektroni zake hukimbia huru na kufuta tofauti yoyote ya chaji kabla haijatulia. Ndiyo maana maltiferoiki zote zinazofaa hazipitishi umeme vizuri, na ndiyo maana oksidi ya bismathi na chuma ikitengenezwa vibaya, ikavujisha mkondo, haina kazi.

Ila sumaku ya spika iache nyumbani siku hiyo. Chuma cha kimondo kinaweza kutunza alama za uga wa sumaku wa mahali kilikotoka, na sumaku moja ya mkononi ikikigusa inazifuta pale ilipogusa, bila njia ya kuzirudisha. Nenda na simu na daftari tu.